Pesa Iliyokuja kwa Jina la Zamani

Jumatatu, 5 Februari 1973

Kadi za utambulisho tena, tangu asubuhi. Mstari hadi barabarani, kwenye mvua. Ninaandika jina jipya la asili, jina la ubatizo ninalikata: serikali imeyakataza majina ya Kizungu. Leo Béatrice, Gaston, Béatrice mwingine. Mzee mmoja hakulikumbuka jina lake jipya, akatoka nje kumwuliza mkewe. Watu walicheka. Mimi pia, kidogo. Mkuu wa ofisi, Chef kama tunavyomwita, alinitazama. Nikaacha.

Nyumbani nilimkuta Ba Ilunga ameketi na mama. Ndiye mwenye nyumba. Tumepanga kwake hapa katika komini, yaani wilaya ya mji, iitwayo Kenya tangu baba alipokuwa hai, akifanya kazi ya reli. Sasa Ba Ilunga amestaafu, anarudi kwao Kongolo, anauza. Mfanyabiashara mmoja wa unga, anayeupitisha mpakani Kasumbalesa, amekwisha kutaja bei. Lakini anatungojea sisi kwanza, hadi mwisho wa mwezi.

"Ile jikoni bwana yako njo alijenga," alimwambia mama. "Nitauzisha je kwa muntu mwingine, weye unaangalia?"

Mshahara wangu hautoshi hata mlango. Yaya Placide, kaka yangu, ndiye tegemeo. Yuko Liège, Ubelgiji. Ameahidi.

Alhamisi, 8 Februari

Barua ya yaya! Barua zake hupitia sanduku la posta la parokia. Padri alinipa mkononi. Ametuma faranga za kutosha nyumba yote. Ziko benki ya mjini, kwa jina langu. Mama alipiga vigelegele, kisha akakumbuka majirani, akaziba mdomo kwa kitenge. Ba Ilunga aliposikia alinisalimu kwa kuvua kofia, kama mbele ya bosi. "Patron, utanifukuza lini?" Tulicheka sana. Nimekula vizuri. Siku nyingi sijala vizuri.

Ijumaa, 9 Februari

Mambo yameharibika.

Karatasi ya benki inasema Augustin Kalenga. Kadi yangu inasema Kalenga Mwepu. Karani wa benki alisoma karatasi, akasoma kadi, akatazama kulia na kushoto. Akaongea chini, kwa lile neno la "raia" tunaloitana sasa: "Citoyen, huyu Augustin njo nani?"

Jina la namna ile ninayowakatia wengine kila siku, nilishindwa kusema ni langu.

Pesa za kutoka nje zinachunguzwa na wakubwa, alisema. Jina la karatasi na jina la kadi lazima yawe mamoja. Zisipochukuliwa hadi mwisho wa mwezi, zitarudi zilikotoka.

Jumamosi, 10 Februari

Ningeweza kumwandikia yaya mwaka jana, majina yalipobadilishwa. Sikuandika. Barua zinafunguliwa, kila mtu anajua. Niliogopa mtu asome na kudhani ninalalamika. Kwa hiyo niliandika kuhusu mvua. Barua nne, zote mvua.

Mama hajui bado. Amepima madirisha kwa kamba, anataka mapazia.

Jumatatu, 12 Februari

Nimetuma telegramu. Niliogopa yule wa posta, nikaandika tu: JINA SI SAHIHI TUMA TENA KWA JINA JIPYA.

Alhamisi, 15 Februari

Jibu la yaya limefika parokia: NIMESIKIA MAMBO YA MAJINA. WEWE SASA NANI?

Nilikaa nayo kwenye benchi la nyuma kanisani. Ni swali la haki. Kulijibu ni rahisi, maneno mawili. Lakini nilipita benki: ili zitumwe tena, lazima kwanza zirudi Ubelgiji, na hiyo ni kazi ya miezi. Ba Ilunga amekwisha kukata tikiti ya treni.

Karani wa benki alinionea huruma. Kuna njia, alisema. Leta hati ya komini inayothibitisha kwamba Augustin na Mwepu ni mtu mmoja, mkuu wa ofisi aisaini.

Komini yangu. Ofisi yangu. Hati hizo ninazipiga chapa mimi mwenyewe.

Ijumaa, 16 Februari

Nimeipiga. Maneno ninayajua kwa moyo. Sahihi tu.

Imelala katika mtoto wa meza siku nzima. Chef alipita, nikaketi vizuri. Alipita tena, nikaketi vizuri. Hakuna zaidi.

Shida si jina. Atauliza nani anatuma. Yaya alikwenda kwa bourse, pesa za masomo za serikali. Alimaliza masomo, hakurudi. Wanaobaki huko wanaitwa majina mabaya kuliko Augustin.

Jumanne, 20 Februari

Nilifikiri kuichomeka katikati ya hati nyingine. Chef husaini nyingi bila kusoma. Niliichomeka. Kabla hajafika nikaichomoa.

Mama amejua. Nilimwambia yote. Hakulia. Aliondoa ile kamba dirishani, akaizungushia kidole mpaka ikaisha.

Ijumaa, 23 Februari

Nimempelekea Chef. Mkononi, wazi, kwa sauti ya kawaida. Nilijitahidi.

Alisoma taratibu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Keti, mutoto yangu. Ni mambo kidogo tu hii." Akafungua kalamu. "Yaya yako iko kule Bulaya na kazi gani?"

Nikasema sijui vizuri.

"Ile barua zake za parokia, haikwambiaka?"

Parokia. Sikuwa nimetaja parokia.

Akanisogezea karatasi nyeupe. Niandike jina la yaya, mtaa, nambari ya nyumba, na marafiki wa Zaire anaokutana nao. Nikileta hiyo, atasaini hii. "Ya kwako na ya kwangu. Hakuna haraka, mpaka Jumatatu."

Nilisema asante, Chef. Nilisema asante!

Jumamosi, 24 Februari

Ile karatasi nyeupe iko mezani nyumbani. Mtaa wa yaya ninaujua, nambari pia. Ningeijaza kabla chai haijapoa. Nyumba ingekuwa yetu Jumatatu.

Nilimweleza mama. Nilitaka aseme yeye, ili nisiwe mimi. Ndivyo nilivyo.

Aliichukua karatasi, akaenda nayo jikoni, kwenye lile jiko alilolijenga baba. Akawashia makaa.

"Miye sikuzalaka nyumba," alisema. "Nilizalaka bantu."

Kisha akapika bukari, ugali wetu.

Jumatatu, 26 Februari

Nilimwambia Chef kwamba mama hataki tena kununua. Alitikisa kichwa kwa upole. "Hakuna tatizo. Adresse ya kule anaishi itaonekana tu." Akanirudishia hati yangu bila sahihi. Tangu hapo kila anayefungua mlango wa ofisi, namtazama viatu kwanza, kama ni vya askari.

Nimemwomba padri amwonye yaya ahame. Kwa njia yake, sijui ipi. Sikuuliza.

Jumatano, 28 Februari

Ba Ilunga alingoja hadi jioni. Hakuvaa kofia. "Nilibangojea, mama." Mama alimjibu kwamba alijua. Yule wa unga alikuja na watu wawili, akatembea ndani ya vyumba vyetu, akagonga kuta kwa ngumi. Jiko atalivunja. Anataka mahali pa kuegesha lori.

Pesa zimerudi Ubelgiji leo.

Jumapili, 4 Machi

Tumehamia vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko. Mama alibeba matofali matatu ya lile jiko ndani ya beseni la sahani, akidhani sikuona. Ameyapanga nje, ameweka sufuria juu yake. Yanatosha.

Kutoka kwa yaya hakuna habari.

Baada ya misa mama alipiga magoti kando ya kitanda, akatuombea kama zamani, kwa majina, kwa sauti. Placide. Augustin. Placide tena. Dirisha lilikuwa wazi, na majirani wa hapa bado hatujawajua.

Niliinuka, nikalifunga.