Kandambili Zinatazama Wapi

Jumatatu, 3 Juni

Kasuku karudi kwangu. Mjukuu wangu huyu nilimpa jina hilo kwa domo lake—na ndiye aliyenifundisha kusoma, yeye darasa la kwanza, mimi nina mvi tayari. Leo domo limefungwa. Kabwaga begi la vitabu, kavua kandambili mlangoni. Mumewe, mhasibu, hajui yuko wapi.

Nikamuuliza, kakupiga? Hapana. Ana mwanamke nje? Hapana, Bibi, ni mtu mwema. Sasa una nini? Akasema: nakauka.

Nakauka! Kama nguo kambani.

Jumatano, 5 Juni

Anatafsiri hadithi ya ng'ambo kwa masomo yake ya chuoni, ya karne ya kumi na tisa, anasema. Kanisomea huku nachambua mchele. Mke wa mfanyabiashara wa chumvi. Nyumba kubwa, madirisha yamefungwa, na kila akilala kando ya mumewe anasikia bahari ndani ya ukuta. Akitamani—wimbi. Akitamani sana—dhoruba. Kasuku anasema zama hizo mwanamke hakuruhusiwa kutamani kitabuni, ndipo waandishi wakaificha hamu yake baharini.

Kumbe! Nikamwambia, basi mimi na babu yako tulikuwa gharika.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Afadhali.

Halafu kauliza: mwisho mama huyu wa hadithi anaingia majini, harudi. Niandike alizama, Bibi, au alijitosa?

Mchele wote chini.

Nikamjia juu. Mbona mnawazamisha tu? Mwanamke akitamani, lazima maji yammeze? Aliokota mchele, punje moja moja.

Alhamisi, 6 Juni

Alijitosa. Ndivyo mtaa mzima ulivyosema juu ya mdogo wangu. Naye alikuwa na mume mwema. Naye alipenda maji. Mwili haukuonekana. Zilibaki kandambili mchangani, zimetazama nchi kavu.

Mama alitufunza tangu wadogo: ukivua kiatu, kielekeze utakakokwenda baadaye. Kwa hiyo alikusudia kurudi! Nilisema, nikasema. Wakaniambia msiba umenipanda kichwani. Tangu siku ile sijakanyaga ufuko, na uko mwisho wa barabara yetu.

Leo chumbani kwangu kunanuka chumvi. Nimekung'uta shuka, nimefungua kabati. Bado. Mlangoni, kandambili za Kasuku zimelowa. Zinatazama nje.

Nimezigeuza. Kwenda jikoni na kurudi—zinatazama nje.

Ijumaa, 7 Juni

Mhasibu kaja. Shati limenyooka kama la tangazo. Shikamoo yake nzuri, kaketi ukingoni mwa kiti. Bibi, nimemkosea nini? Maskini, kauliza kama mtu aliyepoteza funguo. Walipoongea chumbani nikatega sikio, sioni haya. Kasuku alimwambia: hukukosea kitu, na hiyo ndiyo shida. Kaondoka, chai hakugusa.

Kasuku kaja jikoni, macho makavu. Bibi, kesho najitosa.

Unajitosa wapi wewe? Kwenye maji au kwenye maisha?

Wewe nawe, Bibi! Kanibusu paji la uso, kaenda zake.

Hilo si jibu.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi kitanda kimetandikwa. Kandambili hazipo. Mezani karatasi ya mwisho ya tafsiri yake: alizama—amekata. Alijitosa—amekata. Baada ya hapo, peupe.

Nimekimbia. Mimi, na magoti haya! Mtandio umeanguka njiani, nikauacha. Muuza magazeti kaniuliza, Bibi, moto? Nikamwambia, maji!

Niko mchangani. Daftari nililikuta mkononi, naandika huku natazama maji. Kandambili zake hizi hapa. Moja inatazama nchi kavu. Moja inatazama bahari. Mtoto huyu! Hata viatu hajaamua.

Mbali kule kuna kichwa. Kidogo, cheusi. Macho yangu hayajui kinakuja au kinakwenda. Nimeita mpaka koo limechanika. Kilichojibu ni wimbi—kwa sauti ya mdogo wangu, naapa, ileile ya utotoni: njoo dada, maji ni vuguvugu, usiogope.

Nyamaza, mdogo wangu. Huyu sikupi.

Ile iliyotazama bahari nimeigeuza. Nimevua na zangu, nimezipanga kando ya zake. Zote nne zinatazama nyumbani. Povu la wimbi linanirukia, nguo inalowa mpaka magotini, na ilowe. Kichwa kimegeuka, au ni wimbi tu—

Daftari nalitia chini ya kandambili. Nakuja, Kasuku. Usiende mbali zaidi, sijui kuogelea