Maelezo ya Teodora Sumalinog Kuhusu Sentensi Aliyoiruka

KITUO CHA POLISI, KAUNTI YA TARN, DAKOTA YA KUSINI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Teodora Magbanua Sumalinog
Umri: miaka 47
Kazi: mwalimu wa sayansi, Shule ya Sekondari ya Dunmore Flats
Makazi: nyumba ya walimu namba 3, nyuma ya uwanja wa shule
Alikozaliwa: Iloilo, Ufilipino

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikijua kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa.

Nilifika Dunmore Flats Agosti 2013. Shule ilikuwa imekaa miaka miwili bila mwalimu wa sayansi. Nyumbani nilimwacha binti yangu, Amihan, akiwa na miaka minane. Mara mbili amenyimwa visa ya kunifuata. Tarehe 3 Septemba mwaka huu atatimiza miaka ishirini na moja, na kuanzia hapo sheria haitamhesabu tena kuwa mtoto wangu. Kibali changu kinaisha Juni.

Wakili aliniambia njia iliyobaki ni kuomba ukaazi wa kudumu kama mwalimu mwenye uwezo wa kipekee. Shahada ninayo, leseni ninayo, miaka kumi ya kazi ninayo. Kilichokosekana ni barua ya msimamizi kuthibitisha kwamba nawazidi walimu wa kawaida. Naomba iandikwe kama ninavyosema: nchi hii iliniita kwa sababu hakuna aliyeitaka kazi hii, kisha inanidai ushahidi kwamba nawazidi wenzangu. Wenzangu gani? Mwalimu wa sayansi ni mimi peke yangu. Likizo ya Krismasi mlango wangu haukugongwa kwa siku kumi na moja.

Wakili alisema barua huandikwa na mwombaji, msimamizi akaisoma na kuitia sahihi. Kwetu anayejisifu kwa mkono wake hana haya. Nilihangaika wiki tatu. Nikiandika "alifanya," nafuta, naandika "wanafunzi walifanya." Divina Pagaduan, mwalimu wa hesabu wa mji jirani, ambaye huniita Manang kwa kuwa mimi ni mkubwa kwake, nilimsomea kwa simu akacheka.

"Manang, hiyo ni barua ya kuomba msamaha! Niachie mimi."

Akaiandika yeye.

Mnamo tarehe 9 Oktoba 2024, saa kumi na nusu jioni, nilimpelekea barua hiyo Bwana Walter Brandvold, miaka 78, mwalimu wetu mkuu aliyestaafu, aliyekuwa msimamizi wangu. Nilimchukulia na bakuli la pansit, tambi anazozipenda. Macho yake huona mwanga tu.

"Soma wewe, Mwalimu," alisema. "Macho yalistaafu kabla yangu."

Nilisoma kwa sauti. Ukurasa wa pili Divina alikuwa ameandika: "Katika miaka thelathini na moja sijasimamia mwalimu anayemkaribia." Niliiona sentensi hiyo inakuja. Nikairuka. Sikukusudia hila. Sikuweza kumwambia mtu, huku anakula chakula changu, kwamba hakuna anayenikaribia. Sahihi ni yake. Mimi nilimwelekeza kidole chake penye mstari tu.

Tarehe 10 Januari 2025 ofisi ya uhamiaji ilimwandikia athibitishe barua. Binti yake, Bi. Lorna, alimsomea yote. Mzee akasema sentensi ile hajawahi kuisikia, na Bi. Lorna akaja hapa kuripoti kwamba nimeghushi. Nilipomwendea kujieleza alinijibu akiwa mlangoni:

"Baba hajawahi kumsifu mtu. Hata mimi, Mwalimu. Hata mimi!"

Leo, tarehe 14 Januari 2025, saa tatu asubuhi, Afisa Tollefsen alinipeleka kwa Bwana Brandvold, Bi. Lorna akiwepo. Niliisoma ile sentensi. Mzee aligeuza uso upande wa sauti yangu.

"Hiyo si kweli," akasema. "Mwaka 1991 nilikuwa na mwalimu aliyekuzidi kwa mbali. Alikaa miezi minne." Kisha akasema: "Walimu wa sayansi kumi na tisa walipita mikononi mwangu. Aliyebaki ni wewe. Andika hivyo, nitatia sahihi."

Bi. Lorna akamuuliza, "Baba, hizo ndizo sifa?"

"Ndizo nilizonazo."

Niliandika palepale, nikamsomea neno kwa neno, akatia sahihi. Nimemwagiza wakili aiondoe barua ya Oktoba na kuweka hii. Amenionya kwamba kubaki hakumo katika orodha ya vipimo vya uwezo, na kwamba huenda ombi likaanguka. Nimemwambia aiweke hivyo hivyo. Amihan sijamwambia bado.

Haya ndiyo niliyoyatenda na niliyoyasikia. Sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: T. M. Sumalinog

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti, pamoja na sehemu zinazomsifu. Aliniomba niiruke sentensi ya Bwana Brandvold kuhusu kubaki kwake. Sikuiruka. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akathibitisha kwamba ni kweli, akatia sahihi.

Afisa G. Tollefsen, 14/1/2025, saa 5:40 asubuhi