Mkono Nilioukataa Pangoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo mtu wa umri wangu alipaswa kulimaliza mwenyewe. Mimi ni Mgusii, nilikuja Kericho mwaka 1938 kuwa karani wa mizani ya chai na sikurudi kwetu tena, watoto wangu wamekulia hapa, na kijana wangu Mokaya amemwoa Chelangat, msichana wa Kikipsigis kutoka Merigi, ambaye kila Jumamosi alikuwa akituletea maziwa ya kibuyu na kunisomea gazeti kwa sababu macho yangu yamechoka. Mwezi wa Aprili Mokaya alinunua Peugeot akasema tutembee kama familia, basi tukaenda upande wa Koru, tukaona shamba la mizabibu la Mzungu mmoja mzee, akatuonjesha divai yake, mke wangu Gesare akamwambia, "Hii ni dawa ya kikohozi, mzee, usijisumbue," tukacheka, kisha tukaingia kuona mapango ya mawe ya chokaa, na humo ndani, mahali pembamba penye utelezi, mguu wangu uliteleza, Chelangat akageuka akaninyooshea mkono akisema, "Baba, nishike," nami nikaficha mkono wangu ndani ya koti, nikajibu, "Hapana, wewe endelea," nikaanguka kwenye maji, kwa sababu kwetu baba hamgusi mke wa mwanawe, na hiyo ndiyo heshima yetu kubwa. Yeye hakujua. Alimwambia Mokaya kwamba namwona mchafu kwa kuwa ni Mkipsigis. Sasa ni miezi mitatu, haji, mtoto wao, mjukuu wetu, hatumwoni, na Mokaya ananiambia, "Baba, hata mimi sikuelewa." Nikieleza leo, si nitaonekana natafuta kisingizio?

Onyancha, Kedowa

Mzee Onyancha, pole kwa koti lililoloa, lakini pole kubwa ni ya Chelangat. Mokaya ulimfundisha kusoma na kuandika, ila jambo hili ulidhani amezaliwa nalo. Kama yeye hakuelewa, msichana wa Merigi angeelewa vipi, tena gizani, akijaribu kukuokoa usivunjike kiuno?

Sikuambii uache heshima ya kwenu. Desturi yenu inakataza kumgusa, haikatazi kuongea naye. Utaonekana unatafuta kisingizio ukimtuma Gesare, kwa hiyo nenda mwenyewe, Jumamosi hii mchana. Kaa nje, kiti chako mbali na chake kama unavyopenda, Mokaya awepo asikie. Anza kwa kusema umekosa, kabla hujataja desturi yoyote. Kisha mwambie wazi kwamba mwanamke mwingine yeyote pale ungemshika mkono, na kwamba yeye hukumshika kwa sababu ni mke wa mwanao. Akiuliza sheria zenu nyingine, mweleze zote, hata zile zinazokutia aibu. Akicheka, vumilia.

Na mkitembea tena, beba fimbo ndefu. Ukiteleza, yeye ashike upande mmoja na wewe mwingine. Sijasikia desturi inayokataza hilo.