Shikamoo ya Mama

Magamba, Jumapili usiku

Sijui nishukuru au nilie. Leo baada ya ibada tulifanya mnada wa mazao, kumchangia daktari anayetafiti ugonjwa wa wazee kusahau. Mjomba, mdogo wake mama, alisimama kupinga.

"Siku hizi hata matibabu tunalipia. Sasa tuchangie na uzee? Dada yangu amezeeka tu."

Mama akamwendea, akapiga goti kidogo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, baba."

Dada mkubwa anamwamkia mdogo wake, tena mbele ya kanisa. Mjomba alifungua kinywa, lakini marahaba haikutoka. Akavua koti lake la mitumba, ambalo hata jua likiwaka halivui, akalitoa linadiwe. Alikuwa analia waziwazi.

Najua utafiti huo hautamwahi mama. Labda utaniwahi mimi, maana naanza kuogopa kila ninaposahau jina la mtu.

Jioni mama aliniuliza, "Yule mzee aliyekuwa analia ni nani?"

"Ni mdogo wako, mama."

"Maskini. Ana mtu wa kumtunza?"