Kikombe cha Mkojo wa Nuru

Jumatatu, 15 Septemba

Mahamri yamefura vizuri leo. Mbaazi zimewiva mapema, tui zito, wateja wameanza kugonga lango kabla sijajifunga leso. Niko kwenye karai nikamsikia Nuru akipiga ukelele chooni. Nimeacha mahamri yakaungua.

Mkojo wamchoma tena. Mara ya tatu tangu mvua za masika. Nimemkuta amejikunja, ameshika ukuta, analia "Mama, yauma, yauma," na matone yenyewe hayajazi hata kijiko. Mwili una joto. Ana miaka mitano. Mtoto wa miaka mitano hafai kuuogopa mkojo wake mwenyewe.

Mama mkwe, Bi Mgeni, asema ni sakafu. Mtoto akaa kwenye saruji, baridi yampanda. Alisema hivyo mara ya kwanza na mara ya pili. Hana sababu nyingi, lakini ile aliyo nayo haiachi.

Kabla ya saa nne chupa imefika. Sikuiomba. Ile dawa ya maji ya pinki, imetoka kwa Mama Kadzo jirani, aliyobakisha mwanawe alipopona kikohozi. Katika ua wetu chupa ya pinki huazimwa kama kinu. Anayepata nafuu huacha, anayeugua hupokea. Mara ya kwanza Nuru alipewa hiyo hiyo, akatulia, ugonjwa ukarudi. Mara ya pili nilinunua mpya kwa kemisti, dawa ni ile ile. Akatulia nusu, ukarudi.

Leo nimeitia mlangoni mwa friji na sijaifungua. Mama mkwe ameniangalia kwa jicho la kando. Aangalie.

Jumanne, 16 Septemba

Kliniki. Foleni hadi nje. Daktari ni kijana, shati limepigwa pasi, Kiswahili cha mbio. Sijamaliza kueleza, ameshaandika. Nimeusoma mwandiko wake juu chini: amoksilini. Ya pinki!

Nimesema hapana. Nimemwambia hii imeshindwa mara mbili, mwataka ishindwe mara ngapi ndipo mkubali? Akasema, "Mama, hii ndiyo tunaanza nayo." Nikamwambia sisi tulishaanza zamani. Oteshe huo mkojo, ajue ni vijidudu gani na ni dawa gani inayoviua. Mteja wangu mmoja mwanawe alifanyiwa hivyo, akapona. Kwani Nuru wangu ana nini hata afanyiwe kazi ya kukisia?

Sikuondoka kitini. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Wagune wee mpaka wachoke. Mwisho akatoa kikombe cha plastiki chenye kifuniko. Mkojo wa asubuhi. Nimwoshe kwanza, niache wa mwanzo upite, nikinge wa katikati, niulete upesi. Nikishakinga nianze ya pinki huku tukingoja majibu. Hilo nimelikubali kwa shingo upande.

Kikombe nimekiweka juu ya rafu jikoni, peke yake. Mama mkwe ameuliza ni cha nini. Nikamwambia. Astaghfirullah, mkojo jikoni kwake! Nimesema, mama, sasa hivi ni kitupu, na kesho kikijaa kitatoka nje moja kwa moja. Ameondoka akinong'ona.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeukinga. Mwingine umenipata mkononi, sijali. Tuktuk hadi kliniki, kikombe nimekipakata. Maabara wamepokea. Majibu Ijumaa.

Wateja wamekosa mahamri. Mmoja amenuna. Anune tu.

Alhamisi, 18 Septemba

Nuru hataki maji. Amegundua kuwa asipokunywa hakojoi, na asipokojoa hachomeki. Nimemlazimisha kwa bilauri, maji yote yakaishia kifuani, tukalia wote wawili.

Mama mkwe amemtandikia mkeka, juu ya mkeka blanketi, juu ya blanketi shuka. Saruji isimguse kabisa.

Ya pinki inaingia. Homa haisogei.

Ijumaa, 19 Septemba

Hakuna kilichoota. Hivyo ndivyo walivyosema. Mkojo safi, hauna kijidudu hata kimoja.

Daktari amesema labda ni mambo ya shule, watoto huanza visingizio. Kisha akatabasamu. Nimewaka moto. Nimemwambia amguse mtoto kwenye paji. Akamgusa. Akasema basi huenda ni malaria. Wakapima, si malaria. Nikauliza, sasa hii homa ameitoa kwenye vitabu vya shule? Mtu kwenye foleni akacheka. Sikuwa nachekesha.

Nimekataa kutoka bila kikombe kingine. Nikasema nitalipa tena, hata ikiwa ni kutupa. Wamenipa ili niwaondokee.

Mume wangu Athmani amepiga simu akiwa Malaba mpakani na lori. Ati nisigombane na madaktari, tutaonekana watu wabaya. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Malaba.

Sasa nakaa hapa najiuliza kama mimi ndiye mwenye wazimu. Mashine imesema hakuna kitu, daktari amesema hakuna kitu, mume wangu asema ninyamaze. Hapana. Sina wazimu. Mtoto hapigi kelele zile kwa kitu kisichokuwepo. Kikombe kiko juu ya rafu. Kesho tunakinga tena.

Jumamosi, 20 Septemba

Lazima niandike yote.

Asubuhi nimeingia jikoni, kikombe hakiko kwenye rafu. Kiko kwenye kichanja cha vyombo, kimepinduliwa, kinang'aa, kati ya sahani na birika. Kifuniko kando yake. Nimekiinua, harufu ya jiki ikanipanda puani. Jiki ile ya kung'arishia nguo nyeupe.

Mama mkwe amesimama nyuma yangu na uso wa mtu anayengoja kushukuriwa. "Nimekiosha kama kile cha kwanza, kikikauka nitakirudisha rafuni," asema. "Chatoka hospitali, kimeshikwa na wagonjwa wangapi? Siwezi kumwacha mjukuu wangu atiliwe kitu chake mle."

Kama kile cha kwanza!

Nikakaa juu ya debe la unga. Ningejua! Huyu ndiye mtu anayeosha upya sahani nilizokwisha kuziosha. Anayeosha nazi kabla ya kuvunjwa. Tangu ule ugonjwa wa barakoa, hata kitasa cha mlango hupakwa jiki. Mkojo wa Jumatano ulitiwa kwenye kikombe chenye jiki, na vijidudu vyote vikafa humo kabla tuktuk haijafika kliniki. Ndiyo maana hawakuona kitu. Mwanangu ameitwa mwongo kwa ajili ya jiki.

Nimepaza sauti. Sijawahi tangu niolewe. Nimesema, mama, hiki kikombe kilikuwa kisafi kuliko nyumba yote hii, umetupotezea wiki na mtoto anaungua. Nimesema na mengine ambayo sitayaandika. Ameingia chumbani akafunga mlango. Sijuti. Wallahi sijuti.

Nimembeba Nuru, nikaenda bila kikombe. Atakojoa huko huko. Nimemweleza daktari habari ya jiki. Safari hii hakutabasamu. Kikombe kipya kikatoka bila maneno.

Lakini Nuru akagoma. Choo cha watu, mlango haufungi, harufu, sauti za wageni. Amebana miguu. Nimebembeleza. Nimeahidi achari, nimeahidi ubuyu, nimefoka, nimeomba radhi kwa kufoka. Hata tone. Na maabara wafunga adhuhuri, mpaka Jumatatu. Nilitaka kuupiga ule mlango teke.

Hapo nikaona buibui la mama mkwe langoni. Amekuja na tuktuk peke yake, yeye asiyevuka barabara bila kusindikizwa. Sikumwamkia. Naye hakunitazama. Amechukua kopo la maji, akamshika Nuru mkono, akaniambia nilete kikombe na nisikiguse ndani. Yeye aniambie mimi nisikiguse ndani!

Amemwosha kwanza, taratibu. Kisha akachuchumaa kwenye ile sakafu chafu, buibui likiloa. Akawa anamwaga maji ya kopo kidogo kidogo huku akifanya "shwii, shwii" kwa midomo, vile alivyowazoesha wanawe wote, na Nuru pia kabla hajajua kutembea. Nuru akamkumbatia shingo, akalia kwenye bega lake. Ukaja. Wa mwanzo ukapita. Alipopeleka kikombe, mwingine ukammwagikia kiganjani ukateremka mpaka ndani ya mkono wa buibui. Huyu ni mtu ambaye akirushiwa tone la maji ya mtaro hurudi nyumbani kubadili nguo zote. Hakuuondoa mkono. Amekinga mpaka kilipofika nusu, akafunga kifuniko, akanipa.

"Chatosha?" ameniuliza.

Nikasema chatosha, mama.

Kwenye darubini wameona usaha, umejaa tele. Daktari amempiga sindano ya kuanzia. Amesema ni ya kukisia mpaka majibu yatoke. Angalau sasa amelisema neno lenyewe.

Jumapili, 21 Septemba

Sijapika chochote. Homa iko pale pale. Tumerudi kwa sindano ya pili, ni kama amedungwa maji. Nimeuliza ikiendelea hivi itakuwaje. Daktari amesema vijidudu vikipanda juu huharibu figo, ndiyo maana hawezi kuliacha jambo hili. Juzi alikuwa anazungumzia visingizio vya shule.

Mama mkwe hajatoka mkekani kwa Nuru. Akilowesha kitambaa, akikamua, akimpangusa. Hatujasemezana. Alipopika uji wa mtoto akaniwekea na mimi bakuli, na kawa juu yake. Nimekunywa wote.

Naogopa. Siwezi kumwambia mtu ila hapa. Naogopa sana.

Jumatatu, 22 Septemba

Vimeota!

Nimefurahi kana kwamba nimepewa zawadi, halafu nikaona haya. Daktari amenisomea dawa moja moja. Amoksilini, ya pinki: haiviui. Vidonge vyeupe ambavyo kemisti huwauzia watu: haviui. Ile sindano ya kukisia nayo: haiviui. Kadiri alivyokuwa akiteremka na kidole ndivyo moyo wangu ulivyokuwa ukiteremka. Vijidudu vimekuwa sugu. Ameniuliza kama mtoto amewahi kupewa dawa nusu nusu, mabaki ya watu wengine. Nikamwambia ukweli, chupa yetu huzunguka ua mzima. Hakunigombeza. Amesema hivyo ndivyo vijidudu hujifunza dawa, ile isiyomalizwa huua vinyonge ikaacha vikali. Na ua wetu umevifundisha kweli kweli.

Chini kabisa zikabaki mbili zinazoviua. Moja ni sindano ya kila siku, amikasini. Nikasema, mchome sasa hivi.

"Ulikuwa sawa, mama," amesema. Nikamwambia najua.

Alhamisi, 25 Septemba

Homa imeshuka. Imeshuka kabisa, shingo yake baridi. Nuru ameomba maji kwa kinywa chake, akamaliza bilauri, akaomba nyingine. Nimetoka nje nikalia nyuma ya tangi, leso mdomoni.

Asubuhi nilimwamkia mama mkwe. Shikamoo, kwa sauti ya kusikika. Akaitika marahaba, naye kwa sauti. Akaongeza, "Mwanangu, nazi zimebaki mbili." Mambo ya jiki hatutayarudia, naona. Sikumwomba radhi na hakuniomba. Nimekwenda kununua nazi.

Jumanne, 30 Septemba

Sindano zimekwisha. Daktari ataka mkojo mwingine baadaye, kuhakikisha. Atapata.

Mahamri yamefura. Nuru ameingia chooni peke yake na nikasikia anaimba ule wimbo wao wa kuhesabu wa shuleni. Amefika kumi, akarudi moja, akajimwagia maji, akatoka. Sikuacha karai.

Wateja walipopungua, Mama Kadzo amekuja langoni. Mtoto wa dada yake ana homa, mkojo wamchoma. Ameomba ile chupa ya pinki, kama imebaki. Nimejifuta mikono niende nikapigane. Nilikuwa na maneno tayari, mengi, na makali.

Mama mkwe amenitangulia. "Chupa hakuna," amemwambia, kwa upole kabisa. "Mpelekeni kliniki wakaoteshe mkojo wake, na asipewe dawa kwanza. Wakikataa, kaeni hapo hapo. Na kikombe msikioshe."

Kisha amerudi jikoni, akaanza kuosha upya sahani nilizokwisha kuziosha.