Nyuzi za Sweta Nyekundu

Přerov, Moravia
Ijumaa, 14 Mei 1937

Mpendwa wifi Anežka,

Pokea salamu zetu, wewe na shemeji Prokop na watoto. Kifua chako kinaendeleaje, maana huko Argentina nasikia baridi ndiyo inaanza? Mimi mwili ni mzima. Usingizi tu ndio umenikimbia.

Barua yako ya rambirambi naisoma mara kwa mara. Ulipoandika jinsi kaka yako alivyochonga kigari kwenye sabuni ya mama yenu akachapwa, nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Februari. Tabia hiyo Ctibor hakuiacha. Miaka yote ya ndoa nimeoga kwa magari. Hata lile gari la majaribio lenye mkia kama wa samaki, ambalo kiwanda chake kilitengeneza matatu tu, lilianzia kwenye sabuni yangu. Majirani walimtania, "Bwana Ctibor, samaki wako tumkaange Krismasi?" Naye akajibu, "Mshikeni kwanza!"

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kichwa cha treni cha mvuke, kilichofunikwa bati kuanzia puani hadi magurudumuni ili upepo uteleze. Alipotengeneza mfano wake wa mbao, aliniomba sufu. Nikafumua mkono mmoja wa sweta nyekundu uliyonifumia kabla hujasafiri, naye akabandika vipande vya uzi mwili mzima wa ule mfano, vionyeshe upepo na moshi vitakakopita, akauweka mbele ya feni kubwa. Nilikuwapo. Nyuzi za ubavuni zilinyooka vizuri. Zile za bomba la moshi zililala chini, zikafunika madirisha ya dereva.

Ctibor alizima feni. Kisha akasema, "Ludmila, huyu atakimbia akiwa kipofu." Akachora mabati mawili ya kusimama kando ya bomba, ya kuuinua moshi. Alikwenda kuyajaribu kwenye theluji, akasimama darajani siku nzima akiandika. Mabati yalifanya kazi. Yeye alirudi na homa ya mapafu, na mengine unayajua.

Sasa wakubwa wa kiwanda wameyaondoa mabati hayo. Picha za magazetini hazikuwapendeza. Jumatatu nilimfuata mkurugenzi na daftari la marehemu mkononi. Alinipa kahawa, akaniita mama. "Mama, mumeo alibuni mshale. Yale masikio ya punda yalikuwa ya nini?" Nikamwambia ni ya kumwezesha dereva kuona. Akasema dereva ni hodari, anaijua njia.

Dereva ni Radim wetu.

Jumapili hii ya Pentekoste wanaikimbiza treni hiyo mbele ya watu, kwa mwendo ambao haijawahi kwenda. Nilimsihi mwanangu aseme anaumwa. "Mama," akasema, "wamenipa mimi kwa sababu ni kazi ya baba. Nimwachie mwingine? Nitatoa kichwa dirishani." Akala maandazi yangu ya jibini matano, akaniuliza kama yapo mengine. Anacheka kama baba yake, akiwa amefumba macho.

Jana niliona wakipigilia benchi pale barabara ya kiwanda cha sukari inapokata reli. Bendi itakaa hapo, na watoto wa shule wenye vibendera. Upepo wa wiki hii unavuma kutoka shambani, unaelekea hapohapo, na utauleta moshi. Nilimwambia mwalimu wao awasogeze nyuma hadi kwenye miti. Akaniambia watoto wamengoja tangu Pasaka.

Basi nimeamua. Nitafika kabla ya bendi. Nitasimama mbele ya watoto hao na kuwarudisha nyuma mmoja mmoja, hata wakinicheka, hata polisi wakiniondoa. Nitavaa ile sweta yako yenye mkono mmoja. Radim anaijua. Kama moshi utaachia upenyo hata mdogo, ataniona na kujua amefika wapi.

Barua hii itakufikia baada ya wiki tatu, na Jumapili itakuwa imepita zamani. Utakapoisoma, mimi nitakuwa najua kilichotokea na wewe bado; leo sote wawili hatujui.

Nisalimie shemeji Prokop, na Vlasta mdogo, umwambie sabuni ya mwisho ya mjomba wake nimemwekea. Mungu awafunike.

Wifi yako akupendaye,
Ludmila

Utukumbuke, mimi na Radim.