Rasimu Nne za Barua ya Mama

Mdogo wangu,

Nimekuficha jambo kwa miaka kumi na tisa, na sasa kompyuta inataka kunitangulia kukwambia.

Ile ya zamani inakata roho, kama mimi mwenyewe. Siku ya tatu hii fundi anahamishia mafaili kwenye mpya, na kila nikiuliza ananijibu, "Tulia mzee, bado inahamisha." Jana ilikwama kwenye asilimia tisini na tisa. Nikamwambia hata mimi nimekwama hapohapo. Hakucheka. Leo imemaliza, lakini imepanga kila kitu kwa tarehe bila kuulizwa, na barua za Mama ulizoniomba zikajianika juu kabisa, zile alizokuwa akinitamkia nikachapa, macho yake yalipofifia.

"Mzee," fundi akasema, "mbona hii ya kumsamehe bintiye kwa kuolewa bila idhini ina rasimu nne? Bibi alikuwa anasitasita?"

Nilimfokea azifute. Aliposogeza kipanya, nikamshika mkono. Nimechoka kuficha.

Basi zote nne zimo kwenye flashi niliyoiambatanisha na barua hii. Najua ile ya mwisho umeitia fremu, na ndiyo unayowasomea wanao. Nisamehe, kama utaweza. Kila nilipotaja jina lako, Mama aligeukia ukuta. Alikufa hajakusamehe; maneno yale niliyatunga mimi.

Kaka yako